Nyaya Nane za Mwalimu Ohm

Volti gawanya kwa ampea, unapata omu. Volti mara ampea, unapata wati. Mtoto wa darasa la tano anaiweza hesabu hiyo. Kinachonivutia mimi ni kazi ya mikono iliyolifanya gawanyo hilo liaminike, kazi ya mwalimu wa sekondari mjini Köln, Ujerumani, Georg Simon Ohm.

Baba yake alikuwa fundi makufuli, na mwana naye hakuogopa kushika vyuma. Alianza na betri za wakati ule, ambazo zilikuwa hazitulii: ukiunga waya tu, nguvu inayumba kabla hujasoma kipimo. Makala yake ya 1825 ikatoka na kanuni isiyo sahihi. Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, akamshauri aachane na betri na atumie umeme wa joto, ambao mwanafizikia Seebeck alikuwa ameugundua 1821.

Basi Ohm akachukua kipande cha bismathi, akakiunga na shaba ncha zote mbili. Kiungio kimoja kikakaa kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maji yakishachemka hayazidi joto, na barafu inayoyeyuka haipandi wala haishuki. Umeme uliotoka ulikuwa hafifu mno, ila ulitulia tuli. Sijui kama kuna uamuzi mzuri kuliko huo katika kazi yake yote.

Mkondo wa umeme aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inia kwenye utepe mwembamba wa dhahabu. Umeme ukipita, sindano inageuka. Yeye anausokota utepe polepole hadi sindano irudi mahali pake, kisha anasoma amesokota kiasi gani.

Halafu nyaya zenyewe: nane, za shaba, unene mmoja, urefu wa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Ukizitazama haraka utadhani amekata ovyo. Toa 2 kwenye kila urefu kuanzia waya wa pili: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kila nyongeza ni maradufu ya iliyotangulia, kwa hiyo vipimo vichache vikamfikisha mbali. Kadiri waya ulivyorefuka, mkondo ukapungua kwa mpango uleule mmoja, na mwaka 1827 akatoa kitabu kuhusu kanuni hiyo. Kwao wengi walikipuuza. Medali ya Copley ya Royal Society, London, ilimfikia 1841. Mwaka huohuo James Joule wa Uingereza alionyesha kwamba joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, na hapo hesabu ya wati ikapata msingi.

Chukua sasa balbu ya zamani ya wati 60 kwenye umeme wa volti 230. Ikiwa imezimwa, mita itakuonyesha omu zisizofika 100. Iwashe: 60 gawanya kwa 230 ni ampea 0.26, na 230 gawanya kwa 0.26 ni karibu omu 880. Mita haijakosea. Uzi wa balbu ukipata moto, ukinzani wake, yaani zile omu, hupanda mara nyingi, ndiyo maana fundi makini hukokotoa kwa volti na ampea za kifaa kinachofanya kazi. Umeme hafifu wa Ohm haukuweza kuzipasha moto nyaya zake, ndiyo sababu shaba ilimjibu vilevile kila alipoiuliza.