Ngome ya Mombasa na Matembezi ya Wanafunzi

Walimu wengi huwapeleka wanafunzi wao kuitazama Ngome ya Yesu huko Mombasa. Jambo hilo ni jema. Lakini tukiyafunua madaftari yao warudipo, mara nyingi twakuta orodha ya miaka na hesabu ya mizinga, basi. Yafaa tuulize: je, watoto hao wamefundishwa, au wametembezwa tu?

Lawama si ya makumbusho yenyewe. Tangu yalipofunguliwa mwaka 1960 yameonyesha mengi yapasayo kutazamwa: vyombo vya kaure vya China, nyumba ya Waomani, na vitu vya merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa. Lakini kitu cha kale hakisemi chenyewe; chataka mtu wa kukiuliza. Na swali lililo bora mtoto analo kinywani mwake tayari, nalo ni lugha.

Tulitwae neno moja, gereza. Wataalamu hulitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, wakaweka kanisa ndani yake, na mabaki yake yaonekana hata leo. Kamusi za zamani zalifasiri neno gereza kuwa ni ngome, tena ni nyumba ya wafungwa. Yaelekea, basi, boma lilipata jina la kanisa lililokuwamo, kisha jina likawafuata wafungwa. Waomani waliitwaa ngome mwaka 1698. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Zamu zote hizo zimo katika neno moja alitamkalo mtoto kila siku.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya safari, na awape wanafunzi maneno machache: gereza, bendera, meza, kasha, leso. Yote yana asili ya Kireno. Wakifika, wasimame penye mabaki ya kanisa, waulizwe: neno hili liliingiaje kwetu, nani alilisikia kwanza, na kwa nini maana yake iligeuka?

Mwenye kunakili miaka peke yake huidhani ngome kuwa ni habari ya wageni waliopigana wao kwa wao. Mwenye kuliuliza neno hutambua ya kuwa watu wa pwani walikuwapo, wakisikiliza, wakifanya biashara, wakichagua la kutwaa na la kuacha. Somo hilo likikosekana, nauli ya watoto imepotea bure.