Shujaa wa Jukwaani na Shujaa wa Vitani: Uhakiki wa Filamu ya "Captain America: The First Avenger"

Filamu hii iliongozwa na Joe Johnston na kutolewa mwaka 2011. Inasimulia asili ya shujaa aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby katika kitabu cha katuni chenye tarehe ya Machi 1941. Jalada la kitabu hicho lilimwonyesha shujaa akimpiga Hitler ngumi, ilhali Marekani iliingia vitani Desemba mwaka huo. Tangu mwanzo, basi, mhusika huyu alikuwa na kazi ya kuhamasisha. Uzuri wa filamu umo katika kulihoji jambo hilo: shujaa wa kuonyeshwa ana tofauti gani na shujaa wa kutenda?

Steve Rogers (Chris Evans) ni kijana wa Brooklyn, mwembamba na mwenye maradhi, anayekataliwa jeshini mara kadhaa. Dkt. Erskine, mwanasayansi wa Kijerumani aliyekimbilia Marekani, anampa nafasi ya kujaribiwa dawa ya kuongeza nguvu. Kambini, Kanali Phillips anarusha bomu la mkono la bandia kati ya askari. Wenye misuli wanatimua mbio. Rogers, asiyejua kuwa ni la bandia, analilalia ili wenzake wapone. Tukio hili linatangulia dawa, na mpangilio huo ndio ufunguo wa dhamira. Erskine anaeleza kwamba dawa hukuza kilichomo ndani ya mtu: mwema huzidi wema, mwovu huzidi uovu. Adui yake, Schmidt, alitumia dawa ya Erskine kabla haijakamilika, akazidi kuwa mwovu.

Wanafunzi waliosoma habari za Fumo Liyongo watanufaika kwa kulinganisha. Nguvu za Liyongo zinatangulia, na siri ya udhaifu wake inafichuka karibu na kifo. Rogers anaanza na udhaifu, nao unamfundisha thamani ya nguvu.

Kejeli kubwa inakuja baada ya dawa. Erskine anauawa, na Rogers, badala ya kupelekwa vitani, anavishwa mavazi ya rangi za bendera na kuzungushwa majukwaani kuuza hatifungani za vita, akimwangusha Hitler wa maigizo kila onyesho. Raia wanashangilia, askari walioko Italia wanamzomea. Anakuwa shujaa pale anapokwenda, bila idhini ya wakuu wake, kuwaokoa mamia ya mateka, rafiki yake Bucky akiwamo. Anakwenda na ngao ileile ya jukwaani. Kifaa cha maigizo kinageuka kuwa silaha: ishara iliyojengwa kwa ufundi, bila maneno mengi.

Hata hivyo, filamu ina kasoro. Baada ya uokozi huo, vita vinapita haraka mbele yetu kama picha za tangazo, yaani kitu kilekile ilichokikejeli. Uovu wa Wanazi unahamishiwa kwa kundi la kubuni la Hydra na silaha zake za ajabu. Aidha, Gabe Jones, askari mweusi, anapigana pamoja na weupe katika kikosi cha Rogers kana kwamba ni jambo la kawaida. Jeshi halisi liliwatenganisha askari kwa rangi, na amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi huo ilitolewa mwaka 1948. Kisa cha kijana aliyekataliwa kwa sababu ya mwili wake kingepata uzito zaidi kama kingewakumbuka waliotengwa kwa sababu ya ngozi yao.

Pamoja na kasoro hizo, filamu inafaa kutumiwa darasani katika mada ya usawiri wa shujaa. Mwalimu anaweza kuanza na swali hili: Rogers alikuwa shujaa lini? Alipolalia bomu, alipotiwa dawa, au alipokwenda kuwaokoa mateka? Kila jibu litamlazimu mwanafunzi kueleza anachokiita ushujaa.