Panya wa Michigan na Siri ya Arosto

Aliyekosa unga, yaani heroini, huanza kwa miayo. Kisha machozi na makamasi humtoka kama mwenye mafua, vinyweleo husimama, mifupa huuma, tumbo humharisha na usiku hapati hata lepe la usingizi. Mitaani hali hiyo huitwa arosto. Wanaomtazama husema amejitakia mwenyewe, ajikaze, itapita. Kuna jaribio moja la panya ambalo tangu nilipolielewa sijaweza tena kuyakubali maneno hayo.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Science na Keith Trujillo na Huda Akil, wote wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Walitaka kujua kinachotokea mwili unapoizoea mofini, dawa ya maumivu iliyo jamii moja na heroini, hata dozi iliyotuliza maumivu jana isifue dafu leo. Je, ubongo umechoka tu na dawa, au kuna jambo umejifunza?

Walikuwa na sababu ya kushuku kujifunza. Seli za ubongo huamshana zaidi kwa kemikali iitwayo glutamati, na miongoni mwa vipokezi vya glutamati kuna kimoja chenye tabia ya pekee, kijulikanacho kwa herufi NMDA. Tundu lake huzibwa na chembe ya magnesiamu, kama chupa na kizibo chake. Glutamati ikija peke yake, hakipiti kitu cha maana. Ikija wakati seli yenyewe imekwisha kuamshwa na ishara nyingine, kizibo hutoka, kalsiamu huingia kwa wingi, na mawasiliano ya seli hizo hubadilika kwa muda mrefu. Kwa hiyo kipokezi hiki huyanasa mambo mawili yanayotokea kwa pamoja, na huo ndio mwanzo wa kumbukumbu. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba panya waliozuiwa NMDA ubongoni walishindwa kujifunza mahali lilipofichwa jukwaa chini ya maji.

Trujillo na Akil walitumia dawa iitwayo MK-801, ambayo huingia katika tundu la NMDA na kukwama humo. Waliwapa panya dawa hiyo pamoja na mofini, siku baada ya siku. Kipimo chao kilikuwa mkia. Panya humulikwa mkiani kwa mwanga wenye joto, na saa huhesabu muda mpaka auchomoe. Aliyepewa mofini kwa mara ya kwanza huchelewa, kwa sababu maumivu yametulizwa. Aliyeizoea huuchomoa upesi, karibu sawa na ambaye hakupewa kitu.

Ufundi wa jaribio uko hapa. Kama MK-801 ingekuwa yenyewe inatuliza maumivu, au inaipa mofini nguvu zaidi, panya wangechelewa kuchomoa mkia na watafiti wangedhani wamezuia mazoea, kumbe wameongeza dawa ya maumivu tu. Kwa hiyo waliipima pia pamoja na dozi ya kwanza ya mofini, na nguvu ya dozi hiyo haikubadilika. Kilichopungua ni mazoea yanayojengeka siku hadi siku. Kisha wakawapa panya naloksoni, dawa inayoing'oa mofini kwenye vipokezi vyake na kuleta arosto katika dakika chache. Waliokuwa wakipata MK-801 walipata arosto hafifu zaidi. Kwangu mimi hicho ni kipimo safi: ukiuzuia ubongo usijifunze, utegemezi nao haukamiliki.

Glutamati ina kazi nyingine arosto inapolipuka. Katika shina la ubongo kuna kundi dogo la seli zinazotoa noradrenalini, kemikali ya mshtuko na tahadhari. Mofini huzituliza. Mofini ikiondoka ghafla seli hizo hufoka, na George Aghajanian na wenzake wa Yale walionyesha kuwa sehemu kubwa ya mfoko huo huchochewa na glutamati inayotoka chini yake, karibu na uti wa mgongo. Ndiyo maana klonidini, dawa ya zamani ya presha inayopunguza noradrenalini, hupunguza jasho na mapigo ya moyo ya mwenye arosto.

Je, tiba ilipatikana? Hapana, na ni vizuri lisemwe wazi. MK-801 haikufaa kwa binadamu. Mwaka 1989 John Olney na wenzake walikuwa wameona kuwa inadhuru seli za ubongo wa panya. Ikaundwa dawa ya mofini iliyochanganywa na dekstromethofani, dawa ya kikohozi inayozuia NMDA kidogo, lakini majaribio makubwa kwa wenye maumivu sugu hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Tena, panya wa Michigan walikingwa tangu dozi ya kwanza. Mtu anayefika kliniki ubongo wake umesoma somo hilo kwa miaka, na kuzuia kujifunza si sawa na kufuta kilichokwisha kujifunzwa.

Tulicho nacho ni methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Maabara zimeonyesha kuwa nayo huzuia NMDA kwa kiasi, ingawa faida yake kubwa ni kukaa mwilini muda mrefu: mtu hunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na arosto haipati nafasi.

Nawaomba wenye ndugu anayetumia unga wasimfungie chumbani ili ajikaze. Mpelekeni kliniki. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila unga hupoteza mazoea yake, na akirudia dozi aliyoizoea zamani, pumzi inaweza kukatika usiku huohuo.