Wajane wa Matendo 6 na Makazi Yetu ya Wazee

Kila mwaka, baada ya sikukuu ya mavuno au tunapokaribia Krismasi, sharika nyingi hupanga safari ya kuwatembelea wazee wanaoishi katika makazi. Sisi wa Ushirombo nasi tumekwenda. Tulikodi Coaster, tukapakia sukari, sabuni za mche, unga, mafuta ya kula na khanga. Kwaya ilivaa sare. Makazi tuliyoyaendea hayakuwa ya serikali; yalianzishwa na watu wa dini wenye nia njema, na hatutayataja, kwa sababu tunayoyasema hapa tunayasema kwanza juu yetu wenyewe.

Tuliimba, tukaomba, tukagawa, tukapiga picha. Katika chumba cha mwisho alikuwamo bibi ambaye hakuweza kutoka uani. Mama mmoja wa kikundi chetu, aliyemuuguza mama mkwe wake kwa miaka mingi, alifunua shuka ili amfunge khanga mpya, akaona vidonda vya mgongoni na kiunoni, vile vya mtu anayelala upande mmoja bila kugeuzwa. Bibi alituuliza jambo moja tu, kwa Kisukuma: usiku nani yupo? Hatukuwa na jibu. Tukaomba naye, tukamwachia sukari kilo 2, tukarudi kwenye gari. Hatukumwuliza msimamizi. Hatukuandika kitu. Hatukumpigia simu afisa ustawi wa jamii, ingawa namba yake tulikuwa nayo. Njiani kurudi tuliimba tena, na kwa kweli tuliimba vizuri.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni mafundisho gani yaliyotufanya tuone vidonda tukatoa sukari. Tumeyapitia mahubiri yetu ya Amri ya Nne, tukasoma upya Sera ya Taifa ya Wazee, na tukarudi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6. Mahubiri yetu ndiyo yaliyotuaibisha zaidi.

Tuanze na sera, maana ina mazuri yake na ni haki kuyasema. Ilitolewa mwaka 2003, na mzee kwake ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Msomaji wa Biblia atatabasamu hapo, kwa kuwa Paulo anapomwelekeza Timotheo juu ya orodha ya wajane wa kutunzwa na kanisa, umri anaouweka ni huo huo (1 Timotheo 5:9). Zote mbili, sera na waraka, zinaanza na jamaa: watoto na wajukuu watangulie, na makazi, au orodha ya kanisa, yabaki kwa yule asiye na mtu. Huo ni msingi mzuri, nasi tunaukubali.

Shida ni kwamba sera ni ahadi, na ahadi haina meno. Linganisheni na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na ustawi wa jamii wana mamlaka ya kuyakagua. Anayefungua makao ya watoto bila kibali anavunja sheria ya nchi, hata kama ni mchungaji, hata kama ana wafadhili. Wazee wa Bara kwa miaka mingi wamekuwa na sera tu. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na mwaka 2020 wakatunga sheria ya masuala ya wazee. Umoja wa Afrika nao, katika itifaki yake ya haki za wazee iliyopitishwa Januari 2016, uligusa makazi waziwazi: kuishi humo kuwe hiari ya mzee, na matunzo yafikie viwango vya chini vilivyowekwa na taifa. Neno lenye uzito hapo ni viwango. Heshima tumeihubiri tangu tulipotoka chuoni, lakini heshima peke yake haimwambii mhudumu amgeuze bibi saa nane za usiku.

Sasa mahubiri yetu. Tunapofika Amri ya Nne tunawasema vijana waliokwenda machimboni wakasahau kwao. Ni kweli wapo. Katika ukanda huu wa dhahabu, kijana anaondoka Bukombe na sururu, anapita duara moja hadi jingine, na miaka inakatika. Nyuma yake bibi analea wajukuu kwa kibarua cha kulima. Lakini mahubiri hayo yana kasoro mbili. Kwanza, yanafikiri kwamba nyumbani ni salama kwa kila mzee. Sisi wa Usukuma tunajua sivyo. Tunajua vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yamewekwa mekundu na moshi wa miaka mingi wa kupikia kuni na samadi kavu. Wapo wazee waliokimbia watu wa ukoo wao wenyewe. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba mahali pake ni kwa wanawe ni kumrudisha kwa wenye panga. Kwake makazi ndiyo mji wa kukimbilia, na mji wa kukimbilia usiokuwa na maji wala mtu wa zamu umemkimbiza kutoka kifo kimoja hadi kingine kilicho polepole.

Kasoro ya pili ni hii: tunahubiri upendo kana kwamba anayependa hapaswi kuulizwa. Msimamizi wa makazi ya kidini akiombwa daftari la dawa, anaona ametukanwa. Tumewahi kusikia mtumishi wa Mungu akisema kwamba mkaguzi wake ni Bwana peke yake. Neno hilo lina sauti ya utauwa, na ndilo lililotufunga midomo siku ile chumbani.

Matendo 6 haikubaliani nalo. Tumeizoea sura hiyo kama habari za kuwabariki mashemasi, tukapita haraka kwenye kisa chenyewe. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kanisa lile lilikuwa changa, limejaa Roho, linagawana mali, na bado wajane walikosa chakula. Upendo ulikuwapo, utaratibu haukuwapo. Angalieni mitume walichokifanya: hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakupanga mahubiri juu ya ukarimu. Waliita mkutano, wakataka watu 7 wenye kushuhudiwa mema, nao wakatajwa kwa majina yao. Majina yote 7 ni ya Kiyunani. Maana yake, kwa jinsi tunavyoona, ni kwamba usimamizi waliupewa watu wa upande uliolalamika. Ni jambo la ajabu sana, na hatujawahi kulisikia likihubiriwa kwetu. Leo lingekuwa sawa na kumweka katika kamati ya makazi mtoto wa yule bibi, au jirani yake, au bibi mwenyewe.

Na sisi Walutheri hatuna udhuru wa kusema mambo ya daftari na kufuli ni ya dunia. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Ujerumani, uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja la kuwasaidia maskini, wakiwamo wazee na wasiojiweza, na Luther mwenyewe akauandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli 4, na funguo zilikaa kwa makundi 4 tofauti: wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mjini na wakulima wa vijijini, ili pasiwe na mmoja wa kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa 10, wakichaguliwa kila mwaka na kutoa hesabu mbele ya watu wote. Haukwenda vizuri kama walivyotaka. Baraza la mji lilibishana na usharika juu ya mali, naye Luther akasikitika. Hata hivyo wazo lilibaki, kwamba huruma ya kanisa huwekewa kufuli na kuhesabiwa hadharani.

Tunajua hoja itakayoletwa, nayo ni nzito. Mkaguzi akija na fomu ya mjini atataka vigae sakafuni, uzio wa matofali, gari la wagonjwa, na makazi maskini yatafungwa. Wazee watapelekwa wapi? Barabara ya Ushirombo haikosi malori usiku na mchana. Hatutaki kuona mzee amekaa kando yake na kifurushi. Kwa hiyo kiwango kisichojua umaskini wetu ni kiwango kibaya, tena cha kikatili. Lakini mengi ya lazima hayahitaji vigae. Je, usiku kuna mtu aliye macho, na wazee wangapi wanamtegemea? Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa ngapi, na nani anaandika? Maji na choo viko umbali gani kwa mwenye fimbo? Dawa za presha zikiisha, anaambiwa nani? Mzee akionewa anaweza kumwambia mtu asiyekula mshahara wa makazi hayo? Wangapi walifariki mwaka huu, kwa nini, na fedha zilizoletwa kwa jina lao zilikwenda wapi? Hayo hata nyumba ya tope inaweza kuyajibu. Na kama haiwezi kujibu la kwanza, la usiku, tuseme ukweli kwamba hapo hakuna matunzo, pana malazi tu.

Mwenye kukagua awe serikali, kwa sheria yenye nguvu kama ile ya watoto; hilo tunalidai bila kuona haya, na makazi ya kanisa yawe ya kwanza kufungua mlango. Wapo ndugu wanaohofu kwamba hivyo tunaikabidhi diakonia kwa dola. Sisi tunaona ni afadhali afisa wa wilaya atukute na kosa leo kuliko bibi atukute nalo siku ile.

Baraza la wazee wa usharika wetu lilijadili haya kwa mikutano miwili, na mkutano wa kwanza haukuwa na amani. Mzee mmoja wa kanisa alisema tunataka kuwageuza wageni wapelelezi. Yule mama aliyefunua shuka alimjibu kwamba yeye alikuwa mgeni mzuri siku ile, na bibi akabaki na vidonda vyake. Kisha tukakubaliana: katika kila safari wawili wasiimbe. Watabeba daftari lenye maswali yale, watakaa na msimamizi kwa adabu, watarudi na majibu yatakayosomwa mbele ya baraza, na nakala itapelekwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yenye makazi hayo, msimamizi akijua kwamba inapelekwa. Mmoja wa hao wawili ni yeye mama. Tulimpigia simu msimamizi wa makazi yale kumweleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza tutafika saa ngapi. Bibi, alisema, bado yupo.

Safari ni baada ya mavuno. Sukari tutapeleka pia.