Koki Nyuma ya Bega: Majina na Mahali pa Vidhibiti katika Ndege ya Kujiundia

Istilahi za urubani kwa kawaida hutungwa mezani. Mfasiri huwa na orodha ya maneno ya kigeni mbele yake, iliyopangwa kwa alfabeti, naye hutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila moja la kigeni. Mkono wa kuongozea ndege huwa katika ukurasa mmoja, koki ya mafuta katika ukurasa mwingine, na kikanyagio cha mguu mbali na vyote viwili. Lakini katika chumba cha rubani vitu hivyo vimeachana kwa shubiri chache tu, na mtu mmoja mwenye mikono miwili na miguu miwili hana budi kuvitumia vyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la kidhibiti na mahali pake ni mambo ya kufikiriwa pamoja, ila yasichanganywe. Mfano tutakaouhakiki ni wa ndege moja iliyoundwa na fundi binafsi huko Marekani, ambamo uamuzi juu ya mahali pa koki moja ulichangia kifo cha rubani.

Sheria ya Marekani humruhusu raia kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mikono ya waundaji wenyewe kwa kujifunza au kujifurahisha. Ndege ya namna hiyo hailazimiki kufuata kanuni zote zinazoifunga ndege ya kiwandani. Na kanuni hizo, kuhusu jambo letu, zilikuwa nyingi na za wazi. Kwa miaka mingi ziliagiza kwamba mikono ya injini ipangwe kutoka kushoto kwenda kulia kwa utaratibu mmoja: kwanza nguvu, kisha rafadha, kisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ziliagiza pia kwamba kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na kile cha vibawa vya kutulia kiwe na umbo la bawa, ili kiganja kitambue kabla ya jicho. Mwaka 2017 kanuni hizo ziliandikwa upya kwa maneno ya jumla zaidi, lakini desturi ya waundaji haikubadilika sana.

Maagizo hayo hayakutokana na kupenda utaratibu kwa ajili ya utaratibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya vibawa, na ndege ikalala kwa tumbo. Alphonse Chapanis, mtaalamu wa saikolojia, alitambua kwamba vishikio viwili vinavyofanana vilikuwa vimewekwa jirani, akapendekeza kimoja kipewe umbo la gurudumu. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichunguza visa 460 vilivyoitwa makosa ya rubani katika kutumia vidhibiti, wakaona kwamba mengi ya makosa hayo yalikuwa ya kushika kimoja kwa kudhani ni kingine. Basi neno “kosa la rubani” lenyewe lilikuwa istilahi mbaya. Lilimtaja mtu wa mwisho kugusa kitu, likawasahau waliokiweka pale.

Sasa tuje kwenye ndege yetu. Long-EZ ni ndege ndogo ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, iliyobuniwa na Burt Rutan na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Rutan hakuuza ndege. Aliuza michoro na maelezo, na kila mnunuzi akajiundia yake, hadi uuzaji huo ulipokoma mwaka 1985. Injini iko nyuma, bawa dogo liko mbele. Mkono wa kuongozea uko ubavuni kulia, mkono wa nguvu za injini uko kushoto. Mafuta yamo katika matangi mawili, la kushoto na la kulia, na rubani huchagua tangi kwa koki. Katika michoro ya Rutan koki hiyo iko mbele ya rubani, kati ya miguu yake.

Fundi aliyeiunda ndege tunayoizungumza hakuridhika na jambo moja: hakutaka mafuta yapite katika chumba cha rubani. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kwa hiyo aliipeleka koki nyuma, na mkono wa kuigeuzia akauweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hakuuandika alama yoyote. Juu ya hayo, kuugeuza mkono huo kulia ndiko kulikofungua tangi la kushoto. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa vya kutazama kwa macho, katika sehemu ya kiti cha nyuma, bila alama za kiasi.

Mwimbaji John Denver aliinunua ndege hiyo mwaka 1997. Alikuwa rubani wa miaka mingi, lakini mgeni wa ndege ya aina hiyo. Kabla ya kuruka tarehe 12 Oktoba, karibu na Monterey katika California, yeye na fundi wa kiwanjani walizungumza juu ya ugumu wa kuufikia mkono wa koki. Walijaribu kuurefusha kwa koleo la kubana, haikufaa. Fundi akampa kioo ili aweze kuona vipimo vilivyo nyuma yake. Denver alisema kwamba ikibidi atakiachia kiongozi cha kujiendesha kazi ya kuishika ndege sawasawa wakati yeye anageuza koki. Alikataa kuongezewa mafuta, kwa kuwa hakukusudia kukaa hewani muda mrefu. Mashahidi waliikadiria ndege kuwa katika kimo cha futi 350 hadi 500 ilipoinama ghafla na kuanguka baharini.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilieleza kwamba kubadili tangi katika ndege ile kulihitaji mambo manne: kuuacha mkono wa kuongozea, kulegeza ukanda wa bega, kuugeuza mwili kabisa upande wa kushoto, na kuuzungusha mkono wa koki hadi mahali pasipo na alama. Mchunguzi alipojaribu kufanya hivyo, kila mara mguu wake wa kulia ulikanyaga kikanyagio cha kulia ili kuutegemeza mwili. Bodi iliona kwamba rubani alishughulika na koki, akakanyaga bila kukusudia, na ndege ikamponyoka. Miongoni mwa sababu zilizochangia ilitaja kutojaza mafuta, uchache wa mazoezi ya ndege ile, vipimo visivyo na alama, na uamuzi wa muundaji kuiweka koki pagumu kufikika.

Mhakiki wa tafsiri hawezi kusoma kisa hiki bila kuona kazi yake mwenyewe ndani yake. Muundaji alikuwa na matini, nayo ni michoro. Alibadili sentensi moja, kwa sababu nzuri. Hakuichunguza sentensi hiyo pamoja na zile zilizo jirani yake. Koki kati ya miguu ilikuwa imefungamana na mambo ambayo mchoro haukuyataja kwa maneno: kwamba macho yabaki mbele, kwamba bega lisigeuke, kwamba miguu itulie. Ndiyo maana waundaji wengi hodari, kabla ya kutoboa tundu lolote, hujenga kwanza chumba cha bandia kwa mbao nyembamba au makaratasi magumu, wakaketi ndani yake na ukanda umefungwa, wakanyoosha mikono. Laiti watunga istilahi nao wangalikuwa na desturi kama hiyo.

Tuchukue agizo jepesi kabisa: “zungusha kulia.” Kwa mtu aketiye akitazama mbele, maneno haya ni wazi. Kwa mtu aliyegeuka kutazama nyuma ya bega lake, kulia ni wapi? Kulia kwa mwili wake, kwa koki, au kwa ndege? Kiswahili hutaja upande huu kwa mkono wa kulia chakula, yaani kwa mwili wa mtu, na mwili ukigeuka upande nao wageuka. Kwa sababu hiyo twaona kwamba katika maelezo ya mitambo mfasiri asitegemee neno la upande peke yake. Aandike “elekeza mkono wa koki kwenye alama ya tangi la kushoto.” Na kama alama haipo, sentensi hiyo haiandikiki. Hapo mfasiri ana wajibu wa kumrudishia mhandisi kazi yake badala ya kuifunika kwa Kiswahili kizuri.

Yapo pia makosa ya kinyume, ya kulitia mahali ndani ya jina. Wengi wetu, tukitaka kuutofautisha usukani wa ndege na ule wa gari, huandika “usukani wa mkia.” Kwa ndege nyingi inafaa. Kwa Long-EZ ni uongo mtupu, maana sukani zake ni mbili na ziko katika ncha za mabawa. Kila kikanyagio huvuta wake, tena kwa nje tu. Mwanafunzi aliyefundishwa “usukani wa mkia” angeutafuta mkia wa ndege hii asiuone. Jina na lichukue kazi, mahali pachukuliwe na alama na maelezo.

Neno usukani lenyewe limepata hasara barabarani. Mabaharia wa pwani hawakuchanganya: usukani ni ule ubao uliomo majini, na kana, wengine husema gana, ni mti unaoshikwa na mshika usukani. Gari lilipokuja, kitu cha kushikwa ndicho kilichopewa jina la usukani, na kana ikabaki jahazini. Kwa dereva hakuna madhara, kwa sababu kitu kingine cha kuitwa usukani hakionekani. Rubani hana raha hiyo. Anacho cha kushika, anavyo vya kukanyaga, na upo usukani wenyewe huko nje, navyo vyote vitatu vimewahi kuitwa usukani katika maandishi ya Kiswahili. Pendekezo letu ni kuirudisha kana: kana iwe mkono wa kuongozea, vikanyagio viwe vya miguu, usukani ubaki kile kinachokata hewa. Atasema mtu kwamba kana ni neno la “kana kwamba,” tena ni kitenzi cha kukataa. Ni kweli; lakini hata paa la nyumba na paa wa mwituni hawajapata kugombana. Neno rubani pia tulilichukua kwa mabaharia, na hakuna anayelalamika.

Limebaki neno moja gumu, nalo ni la ule mkono wa kushoto unaoongeza na kupunguza kazi ya injini. Wako wanaopenda “mkono wa moto.” Hatuwezi kulikubali: kutia moto kwa wengi ni kuwasha injini, na ndani ya ndege moto ni neno la hatari lisilofaa kutamkwa kwa jambo jingine. “Mkono wa mafuta” ni baya zaidi, kwa sababu madereva husema kukanyaga mafuta wakimaanisha kuongeza mwendo, ilhali koki nayo ni ya mafuta. Mwalimu akipaza sauti “fungua mafuta” kimo kikiwa futi mia tano, mwanafunzi ashike kipi? “Mkono wa mwendo” nalo halisemi kweli, maana rubani aweza kuongeza injini ili apande bila kwenda kasi zaidi. Sisi tumetumia “mkono wa nguvu” katika makala haya. Ni jina lisilopendeza sana sikioni, na walimu wa urubani na mafundi wa karakana walio na jingine wanaombwa waliandike, wakieleza pia mkono gani hulishika na ni nini kilicho jirani yake.