A ni ya Mamba? Alfabeti ya Wanyama Katika Vifungashio vya Vyakula vya Watoto

Kazi nyingi ziletwazo mbele ya mkuza istilahi huja zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Aliyeileta hatafuti shauri. Anatafuta maneno ya kujazia nafasi zilizo wazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa karatasi moja iliyofika mezani kwangu ikiwa na picha 26 za wanyama, kila mnyama amekaa juu ya herufi yake, mwingine ameikumbatia, mwingine anachungulia kupitia tundu lake. Michoro ilikuwa mizuri, nami nakiri kwamba niliitazama kwa furaha kabla ya kuisoma. Chini ya kila picha palikuwa na jina la Kiingereza, na mbele yake mstari mtupu. Barua iliyoambatana nayo iliomba tafsiri ya maneno hayo 26 katika muda wa siku mbili, kwa kuwa mtambo wa kuchapa maboksi ya biskuti za watoto ulikuwa unangoja.

Nilijibu kwa kurasa tatu. Kurasa hizo hazikuhitajiwa, kwani miezi michache baadaye nilikuta boksi lenyewe katika duka la mtaani kwetu. Penye herufi A pameandikwa Mamba. Penye E, Tembo. Penye L, Simba. Penye Z, Pundamilia. Q imepewa kware, na X imepewa samaki ambaye mifupa yake inaonekana. Mtafsiri hakukosea jina hata moja: mnyama aliyechorwa ndiye aliyetajwa. Kilichopotea ni ile sababu iliyomweka mnyama yule juu ya herufi ile. Katika kuchunguza nimeona herufi mbili tu zilizosalimika, K na P, kwa kuwa kangaruu na pengwini ni maneno ya kukopa. Basi mtoto wa Tanzania akitaka herufi inayolingana na mnyama wake hana budi kwenda Australia au kwenye barafu ya kusini ya dunia.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi. Boksi la biskuti si kitabu cha kiada, wala halipitii mikononi mwa wakaguzi wa elimu. Lakini katika nyumba nyingi boksi hilo huwa ndiyo karatasi ya kwanza yenye maandishi na picha ambayo mtoto anaachiwa aishike apendavyo, ailaze chini, aikate, alale nayo. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umetilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu hufundisha herufi kwa sauti yake kabla ya kufundisha jina lake. Asubuhi mtoto anaambiwa kwamba a ni sauti. Jioni boksi linamwambia kwamba a ni mamba. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekula biskuti zile, alilishughulikia tatizo hilo kwa njia yake. Aliweka kidole chini ya neno, akasema, "Mjomba, A ipo, lakini imekaa ya pili." Nitalirudia jibu hilo, maana limenifunza zaidi ya kurasa zangu tatu.

Desturi ya kuwaweka wanyama katika vifungashio vya vyakula ni ya zamani huko Marekani. Mwaka 1902 kampuni ya National Biscuit ilianza kuuza biskuti za Barnum's Animals katika boksi dogo lililochorwa kama gari la wanyama wa sarakasi, likiwa na uzi wa kulitundikia juu ya mti wa Krismasi. Mwaka 1909 Kellogg's ilitoa kijitabu cha Funny Jungleland kwa wanunuzi wa nafaka zake. Kurasa zake zilikatwa vipande ambavyo mtoto alivigeuza ili mnyama mmoja apate kichwa au miguu ya mwingine. Mwaka 1952 kampuni hiyohiyo ikaunda wanyama wanne wa kutangaza nafaka yake yenye sukari: Tony the Tiger, Katy the Kangaroo, Elmo the Elephant na Newt the Gnu. Mbinu ya majina hayo ni kurudia sauti ya mwanzo ya jina la mnyama. Lakini tazama la mwisho. Newt na gnu, yaani nyumbu, huanza kwa sauti moja masikioni, ilhali kwenye karatasi moja huanza kwa n na la pili kwa g isiyotamkwa. Kama huyo angewekwa katika alfabeti, mtoto wa Kiingereza angekwama. Tony ndiye aliyebaki madukani, na wenzake watatu wakasahaulika.

Ninayataja hayo kwa sababu kila mmoja wa michezo hiyo ulitokana na kitu ambacho watoto wa mahali pale walikuwa nacho tayari: sarakasi iliyopita mjini mwao, au mazoea ya lugha yao ya kufurahia sauti za mwanzo. Kiingereza kinashika herufi ya kwanza kwa sababu tahajia yake haiaminiki kwingineko. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Mtoto wetu husoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na kila silabi inasomeka kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kuunda alfabeti ya wanyama kwa Kiswahili na aanze na silabi, kisha ndipo atafute mnyama.

Chukua herufi M. Inaonekana ni tajiri mno: mbwa, mbuzi, mbuni, mamba. Lakini katika mbwa hiyo m ni silabi inayojitegemea, katika mbuzi imeungana na b na kuwa sauti moja, na katika mamba ndipo inapokutana na irabu jinsi mwalimu anavyoiandika ubaoni. Wanyama watatu, m tatu. Kwa mtoto anayeanza, mamba ndiye anayefaa kukaa juu ya M, na wengine wangoje. Herufi C peke yake haina kazi katika maneno yetu, wala Q na X. Mahali pa C ni pa CH, ambayo ina chui, chura na chatu, wote wapenzi wa wachoraji. Ny ina nyoka na nyati, sh ina shomoro. Na ng' ina ng'ombe, ambaye katika boksi nililolisoma ameandikwa bila ritifaa, nadhani kwa sababu alama ile iliharibu umbo la herufi. Mchoraji angeweza kuigeuza ritifaa hiyo kuwa nzi juu ya pembe ya ng'ombe, na watoto wasingeisahau maisha.

Zipo herufi zilizo maskini. V ina vunjajungu, W ina wibari, Y ina yangeyange. Ni majina mazuri ambayo watoto wa mjini hawayasikii tena, na hapa kifungashio kingeweza kufanya kazi ya kamusi. A ina ayala, anayejulikana zaidi kwa wasomaji wa Biblia kuliko kwa wawindaji. I ina inzi, kwa wale wanaomtamka hivyo. O ina okapi wa misitu ya Kongo. Baada ya hapo mtafutaji anaanza kukuna kichwa. U na E zilinishinda.

Hapo ndipo ninapolirudia jibu la mpwa wangu. Irabu zetu hazipendi kukaa mwanzoni mwa majina ya wanyama, lakini hakuna jina la mnyama katika Kiswahili lisilomalizikia kwa irabu. Twiga ana a yake, kobe na nge wana e, bundi na nyati wana i, tembo na popo wana o, kasuku na dubu wana u. Basi irabu tano ziwekwe mkiani. Mchoraji mwenye akili atamchora twiga ambaye mkia wake umejikunja kuwa a, na kobe ambaye e inamchungulia nyuma ya gamba. Mtoto hataulizwa jina linaanzaje, ataulizwa linaishaje. Mchezo kama huo hauwezi kutafsiriwa kwenda Kiingereza, nami sioni kwamba hilo ni upungufu.

Michezo mingine miwili inatoka moja kwa moja katika sarufi. Ubavuni mwa boksi pawe na chura mmoja juu ya CH, na ubavu wa pili pawe na vyura wengi juu ya V. Vivyo hivyo kifaru kwa K na vifaru kwa V. Mtoto atakuwa anacheza kujificha, kumbe anajifunza umoja na wingi. Mchezo wa pili ni wa kufuatanisha silabi, ambapo silabi ya mwisho ya jina moja huwa ya kwanza ya jina jingine: bata, tausi, sisimizi, au nyoka, kasuku, kunguru. Lakini hapa tahadhari inatakiwa. Nimewahi kuona mchezo wa aina hii uliomtoa simba na kumleta bata. Silabi ya mwisho ya simba ni mba, si ba, na anayefuata kwa haki ni mbayuwayu au mbawala. Tembo vilevile humleta mbogo. Kosa dogo kama hilo likichapwa katika maboksi maelfu, mwalimu wa darasa la pili atalikuta limetangulia kufika darasani.

Kuhusu istilahi zenyewe, kifungashio limekwisha kukubalika wala sina la kuongeza. Mnyama anayekitangaza chakula ndiye mwenye utata. Wengine humwita kikaragosi, jina linalomfaa kwa umbo, lakini wasomaji wa magazeti ya zamani wanakumbuka kwamba kikaragosi alikuwa pia mtu anayechezeshwa na mabeberu, na sidhani mwenye kiwanda atapenda hivyo. Wengine humwita katuni, ambayo ni namna ya kuchora, wala si yule aliyechorwa. Ninapendekeza mhusika, neno ambalo walimu wa fasihi wanalitumia kila siku, pale mnyama anaposema na kutenda. Asiposema wala kutenda, ni nembo tu. Ule mchezo wa njia zinazopotezana, ambao boksi langu limeuita "mezi", una jina katika kamusi za zamani: mzingile mwambiji. Ukiona ni refu, mzingile latosha. Sijui ni kwa nini tukope wakati mzigo uko ghalani.

Yuko atakayesema kwamba wanyama hawa, kwa Kiswahili kizuri au kibaya, wanamvuta mtoto kwenye sukari. Sina hoja ya kumpinga. Nchini Chile sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 ilikataza wahusika wa namna hii katika vyakula vilivyozidi viwango vya sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati, na Tony mwenyewe akaondolewa kwenye maboksi huko. Alfabeti isiwe kinga ya biskuti mbaya. Ila unga wa uji, maziwa na karanga navyo hufungashwa, na huko sijaona hata panya mmoja akimchekea mtoto.

Wenye viwanda wameniambia pia kwamba picha zilizokwisha kuchorwa ni rahisi kwa gharama, maana zinatumika nchi nyingi. Ni kweli. Lakini wanyama walewale 26 wangeweza kubaki kama walivyo, wakahamishwa tu: mamba akatoka A kwenda M, simba akatoka L kwenda S, pundamilia akatoka Z kwenda P na kumpumzisha pengwini. Kazi hiyo haitaki mchoraji mpya. Inataka siku ya tatu.

Katika orodha niliyoiandaa upya, ambayo iko tayari kwa yeyote atakayeihitaji, herufi R imebaki wazi mwanzoni mwa jina, na U na E zimekaa mkiani tu. Wasomaji wenye majina ya wanyama, ndege, samaki au wadudu yanayoanza kwa herufi hizo, yatumikayo kwao pwani, visiwani au bara, tafadhali wayaandike pamoja na maelezo mafupi ya mnyama mwenyewe na mahali jina linapotumika.