Heko kwa Wachunaji wa Ngozi

Pongezi hizi ni za wachunaji, watu wanaoshika kisu tangu alfajiri katika machinjio kama ya Vingunguti, Dar es Salaam, na Dagoretti, Nairobi. Mteja wa buchani hawaoni, lakini kiwanda cha ngozi huiona kila alama ya visu vyao.

Mchunaji hodari hategemei kisu kimoja. Chenye ncha kali hufungua ngozi kwa mstari ulionyooka, kuanzia kidevuni kupitia kifuani hadi mkiani. Kisha hukiweka kando, akachukua chenye bapa lililopinda na ncha ya mviringo isiyotoboa. Penye ngozi iliyolegea huacha kisu kabisa, akasukuma kwa ngumi.

Kunoa ni nusu ya kazi. Kisu hulazwa juu ya jiwe lililoloweshwa, kwa pembe ileile pande zote mbili. Baadaye chuma cha kunolea hurudisha makali kila yanapopungua. Kisu butu hulazimisha mkono kukandamiza, na mkono unaokandamiza huteleza: ngozi ikatoboka, au kidole kikakatika. Mchanjo mdogo upande wa nyama hausamehewi. Ngozi hushushwa daraja, na bei hushuka nayo.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wachunaji wengi hula kidogo, ilhali viatu, mikoba na mikanda yetu huanzia mikononi mwao. Heko kwao! Na wenye machinjio wawalipe kwa ubora wa ngozi pia, si kwa idadi ya ng'ombe tu.